Masega Hayajiui

Fundi anachomeka kifaa cha kupimia chini ya usukani, anasubiri kidogo, kisha kioo kinaandika P0420. "Bosi, masega yamekufa." Mwenye gari anauliza bei ya mapya, anashtuka. Fundi anamtuliza: yupo mtu ananunua yaliyokufa, tutayatoa, tutachomelea bomba tupu, na wewe utabakiwa na hela ya mafuta. Kabla ya jua kuzama gari limeshatoka gereji, taa imefutwa, mlio umeongezeka kidogo. Hakuna aliyeuliza yaliuawa na nini.

Katika gari la petroli lenye umri, tuseme hizi Toyota, Nissan, Subaru na Honda za kati ya mwaka 1998 na 2008 zinazojaza barabara za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, masega hayafi kwa uzee peke yake ila mara chache. Mara nyingi huuawa, na muuaji yuko juu yake, ndani ya injini: silinda inayomisi, ringi zinazopitisha oili, nozeli inayovuja, gasketi inayoingiza kulanti mahali pasipostahili. Msimbo wa P0420 haumwambii mtu abadilishe masega. Unasema tu kwamba kompyuta imeona kazi ya kusafisha moshi haifanyiki inavyotakiwa. Umetaja mahali maiti ilipokutwa. Kesi yenyewe bado haijafunguliwa.

Ndani ya lile kopo la chuma kwenye ekzosi kuna kauri yenye vitundu vidogo sana, kwa kawaida mamia katika kila inchi moja ya mraba, na vitundu hivyo ndivyo vinavyofanana na sega la nyuki. Kuta zake zimepakwa utando wa alumina ulionyunyiziwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Kazi ni tatu kwa wakati mmoja: kaboni monoksidi igeuzwe kuwa kaboni dioksidi, petroli isiyoungua igeuzwe kuwa maji na kaboni dioksidi, na oksidi za nitrojeni zivunjwe zirudi kuwa nitrojeni ya kawaida. Kopo hili halichuji kitu, ingawa wengi huliita chujio. Kemia inafanyika juu ya ngozi ya kauri, na kemia hiyo ina masharti. Huanza kufanya kazi sawasawa joto likipita nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi. Tena inataka mchanganyiko wa hewa na petroli uzunguke karibu sana na uzito wa 14.7 kwa 1. Mchanganyiko ukielemea upande mmoja kwa muda mrefu, mojawapo ya zile kazi tatu inakwama.

Sasa chukua injini ya silinda nne iliyo sailensa, ikizunguka mara 700 kwa dakika. Kila silinda hupiga mara moja katika mizunguko miwili, kwa hiyo silinda iliyokufa inatupa ndani ya ekzosi mafuta mabichi pamoja na hewa yake mara 350 kwa dakika. Kwenye mizunguko 3,000, barabarani, ni mara 25 kwa kila sekunde. Petroli hiyo haipotei. Inafika kwenye masega yenye joto, inakuta oksijeni ambayo silinda ilishindwa kuitumia, inaungulia humo. Masega yaliyozoea joto la nyuzi 400 hadi 800 yanapanda kupita 1,000. Kwanza chembe za madini huungana na kuwa vipande vikubwa, na eneo la kufanyia kazi linapungua. Joto likizidi, kauri inaanza kuyeyuka, vitundu vinafumba, na kipande kilichokatika kinagongagonga ndani ya kopo. Ndiyo maana kanuni za Marekani, zilizolazimisha mfumo wa gari kujikagua uitwao OBD-II kuanzia magari ya mwaka 1996, zilitaka taa ya injini ipepese pale kompyuta inapoona kumisi kwa kiwango cha kuharibu masega. Taa iliyotulia inasema tafuta fundi. Inayopepesa inasema punguza mwendo sasa hivi, toa mguu, simama ukiweza. Madereva wengi wanaona zote mbili ni taa tu.

Lipo tatizo jingine la kimya. Oksijeni iliyotoka kwenye silinda iliyomisi bila kuungua inapita kwenye sensa ya kwanza ya ekzosi. Sensa inapima oksijeni tu, petroli haiioni. Inaiambia kompyuta kwamba mchanganyiko una hewa nyingi mno, na kompyuta inatii: inaongeza mafuta. Silinda tatu nzima zinazidishiwa petroli kwa kosa la ya nne, plagi zao zinaanza kuwa nyeusi, na masega yanapewa chakula cha ziada ambacho hayakukiomba. Mwenye gari anaona ulaji wa mafuta umepanda na kulalamikia kituo cha mafuta.

Basi kabla ya kusema neno lolote juu ya masega, kumisi kuchunguzwe mpaka mwisho. Hapa ndipo uzoefu wa fundi unapoonekana, maana kumisi kuna tabia. Gari linalomisi asubuhi likiwa baridi na kutulia likipata moto halina ugonjwa sawa na lile linaloanza kumisi baada ya nusu saa ya foleni. La kwanza mara nyingi lina sili za valvu zilizochoka zinazodondosha oili usiku, nozeli inayovuja, au gasketi ya silinda hedi inayopitisha kulanti taratibu. La pili humwelekeza fundi kwenye koili, kwa sababu nyaya za ndani ya koili zikipanuka kwa joto, ufa mdogo unafunguka na umeme wa volti 20,000 na zaidi unatafuta njia fupi. Linalomisi wakati wa kupanda mlima tu lina plagi iliyoachama, koili dhaifu au pampu ya mafuta inayoshindwa. Na lile lililoanza kumisi siku lilipotoka kuoshwa, halihitaji mashine yoyote: wameosha injini kwa presha, maji yameingia kwenye matundu ya plagi. Yakaushwe kwanza.

Msimbo nao usomwe kwa akili. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na kuendelea. P0300 ni kumisi kwa kurukaruka, silinda hii na ile, na huo ni ushahidi kwamba tatizo ni la wote: mafuta, hewa inayoingia pasipo njia, au presha ya ekzosi. Kompyuta inagundua kumisi kwa kusikiliza mwendo wa krenki kupitia sensa yake; kila silinda inapopiga, krenki huongeza kasi kidogo, na pigo lililokosekana linaonekana. Lakini gari lililotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani halikulazimika kubeba kila uangalizi uliodaiwa Marekani, na haya ndiyo magari yetu. Taa isiyowaka kwenye gari la namna hiyo si cheti cha afya.

Jaribio la kwanza halina gharama. Ikiwa silinda ya 2 inamisi, hamisha koili yake ipeleke kwenye silinda ya 3, futa msimbo, endesha. Msimbo ukihama na koili, umemjua mhalifu. Ukibaki pale pale, hamisha plagi. Ukibaki tena, fikiria nozeli. Ajabu ni kwamba gereji nyingi hazifanyi jaribio hili la dakika kumi, badala yake zinauza koili nne mpya ambazo hakuna anayejua zilikotengenezwa. Kwa maoni yangu koili halisi ya Kijapani iliyotumika, ikipimwa na kuonekana nzima, ni bora kuliko mpya ya kopo lisilo na jina, na plagi nayo ni hivyo hivyo: plagi ya iridiamu ya kweli hufika kilomita 100,000, ile ya kuigiza inaweza kuanza kukorofisha kabla hujaisahau bei yake.

Ipo desturi moja ninayoipinga. Fundi akitaka kujua silinda ipi haifanyi kazi, anachomoa soketi za koili moja moja injini ikinguruma na kusikiliza mlio. Silinda nzima ikichomolewa, mlio unabadilika. Mbovu ikichomolewa, hakuna tofauti. Mantiki ni sahihi. Lakini kila koili inapochomolewa, nozeli ya silinda ile inaendelea kumwaga petroli ambayo haitawashwa, na yote inaelekea kwenye masega. Achomoe soketi ya nozeli badala ya koili. Jibu ni lile lile na masega hayaungui.

Plagi zikitolewa zisitupwe kabla hazijasomwa. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Masizi makavu meusi ni petroli nyingi. Weusi wa mafutamafuta kwenye ncha ni oili iliyopita ringi au sili za valvu. Oili iliyo nje ya plagi, juu ya uzi wake, ndani ya tundu, ni hadithi nyingine kabisa na nafuu zaidi: mipira ya tapeti kava imekauka. Subaru za injini ya EJ zinajulikana kwa hilo, na kwa kuwa injini imelala, plagi zimejificha ubavuni na mafundi wavivu huzikwepa. Subaru nyingi za EJ zisizo na tabo zina pakiti moja ya koili inayohudumia silinda kwa jozi, 1 na 2, 3 na 4. Jozi nzima ikimisi kwa pamoja, usihangaike na plagi. Anza na pakiti. Honda Fit ya kizazi cha kwanza yenye injini ya i-DSI ina mtego wake: silinda nne, plagi nane. Nne ziko mbele zinaonekana, nne ziko nyuma karibu na ukuta wa kabini. Mwenye gari analipia "plagi zote", zinabadilishwa nne, na gari linaendelea kumisi taratibu kwa miezi.

Toyota zenye mfumo wa D-4, ile injini ya 1AZ-FSE kwa mfano, nazo zinastahili aya yake. Petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo haioshi migongo ya valvu za kuingizia hewa kama kwenye injini za kawaida. Kaboni inajengeka pale, hewa inapita kwa shida, injini inatetemeka ikiwa sailensa. Pampu yake ya presha kubwa pia haivumilii mafuta machafu. Fundi akiichukulia kama injini ya kawaida, atabadilisha koili, plagi na sensa, na mtetemo utabaki.

Mafuta yenyewe hayajawahi kuwa mbali na lawama, na si uzushi. Mafuta ya taa yalipokuwa na kodi ndogo, yalichanganywa kwenye petroli na dizeli kwa faida. Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 chini ya EWURA, mdhibiti wake wa nishati, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kuua ushawishi. Kenya ilifanya hesabu kama hiyo mwaka 2018 kwa tozo ya shilingi 18 kwa lita. Petroli yenye mafuta ya taa ina okteni ndogo, inagonga, na sehemu yake nzito haiungui vizuri. Inayobaki inaungulia unakokujua. Lakini nionavyo mimi, siku hizi mafuta machafu yamekuwa kisingizio rahisi zaidi kuliko chanzo. Magari mengine mia yaliyojaza kwenye kituo kile kile siku ile hayamisi.

Ushahidi bora ambao mafundi wengi wanaupita ni takwimu za marekebisho ya mafuta, zinazoonekana hata kwenye kifaa cha bei ndogo kinachounganishwa na simu. Kompyuta huandika kwa asilimia ni kiasi gani inaongeza au kupunguza petroli kuliko ilivyopangiwa kiwandani. Kati ya kujumlisha na kutoa 10 si vibaya kwa gari la umri. Ikiwa sailensa inasoma jumlisha 20, na ukikanyaga mpaka mizunguko 2,500 inarudi karibu na sifuri, kuna mahali panavuta hewa: mpira wa vakyumu umepasuka au gasketi ya manifoldi imechoka, na tundu dogo linaonekana kubwa wakati injini inavuta hewa kidogo tu. Ikiwa ni kinyume, yaani nzuri kwenye sailensa na mbaya kadiri unavyokanyaga, mafuta hayafiki: filta, pampu au sensa ya hewa iliyochafuka. Ikitoa badala ya kujumlisha, tafuta nozeli inayovuja. Dakika tano za kusoma namba hizi zinaokoa vifaa ambavyo vingenunuliwa kwa kubahatisha.

Silinda ikikataa kupona baada ya umeme na mafuta kuwa sawa, pima kompresheni. Iliyo chini sana kuliko wenzake, mimina kijiko cha oili kupitia tundu la plagi na upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, ni valvu au gasketi. Hapa niongeze jambo ambalo vitabu vya mwongozo hulipa nafasi ndogo. Namba zao zimeandikwa kwa usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700, Mbeya vilevile, na presha ya hewa ya huko iko chini kwa kama asilimia 18. Geji ya vakyumu inayosoma inchi 17 hadi 21 kwenye injini nzima kule Mombasa au Tanga, itasoma kati ya 12 na 15 Nairobi kwenye injini ile ile, na kompresheni nayo itashuka. Anayelinganisha namba za Nairobi na kitabu cha kiwandani atabomoa injini isiyo na ugonjwa. Linganisha silinda kwa silinda kwanza. Tofauti kati yake haidanganywi na mwinuko.

Sasa tufike kwenye masega, na tuanze kwa kukiri kwamba nayo yanaweza kuwa mshtakiwa. Kauri iliyoyeyuka au kuvunjika huziba njia. Moshi ukikosa pa kutokea, sehemu yake inabaki ndani ya silinda na kuchafua hewa mpya inayoingia, na injini inamisi kwa sababu hiyo tu. Gari la namna hii huwa zuri mjini na linakufa mlimani; kwenye Kitonga au ukipanda kutoka Mai Mahiu linaishiwa nguvu kama limeshikwa kwa nyuma, na chini ya gari kunakuwa na joto kali. Jaribio liko wazi. Toa sensa ya oksijeni iliyo kabla ya masega, chomeka geji ya presha mahali pake. Kwenye sailensa isizidi psi moja na nusu hivi, na kwenye mizunguko 2,500 isizidi tatu. Asiye na geji aliache tundu wazi na aikanyage injini kwa muda mfupi, awe mwangalifu na nyaya za karibu maana moshi unaotoka pale ni wa moto: nguvu zikirudi ghafla, njia imeziba. Geji ya vakyumu nayo inasema ukweli huo huo kwa njia yake. Shikilia mizunguko 2,500. Vakyumu ikianza vizuri kisha ikashuka polepole, ekzosi haipumui.

Kuziba ni jambo moja, kushindwa kazi ni jingine, na P0420 inahusu hili la pili. Kwenye mfumo wa kawaida sensa ya kwanza hupanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9 bila kutulia. Sensa ya pili, iliyo baada ya masega, inatakiwa itulie, kwa kawaida juu ya volti 0.6, kwa sababu masega mazima huhifadhi oksijeni na kuitoa kidogo kidogo. Ya pili ikianza kucheza kwa kuifuata ya kwanza, akiba hiyo imekwisha. Toyota nyingi za baadaye zina sensa ya kwanza ya aina tofauti isiyocheza hivyo, kwa hiyo macho yawe kwenye ya pili. Kabla ya kuhukumu, angalia kama ekzosi ina tundu au kiungo kinachovuja mbele ya sensa. Hewa inayoingia hapo inatoa P0420 ya uongo, na kiraka cha kulehemu kinamaliza kesi. Kupiga kopo kwa ngumi gari likiwa baridi nako kunasaidia: likilia kama lina kokoto, kauri imevunjika. Kile kipimo cha joto cha bunduki, cha kulinganisha mdomo wa kuingilia na wa kutokea, mimi sikiamini sana kwenye injini za miaka ya 2000. Zinachoma vizuri kiasi kwamba masega hayana kazi kubwa ya kuonyesha kwa joto.

Tukishajua yamekufa, maiti ichunguzwe. Yaliyoyeyuka yameuawa na kumisi au petroli nyingi. Yaliyofunikwa utando kama ganda yameuawa na oili, kwa sababu oili ya injini ina fosforasi na zinki, na vitu hivyo vinaganda juu ya madini na kuyaziba. Toyota za 1ZZ-FE za miaka ya mwanzo, zile za kabla ya pistoni kubadilishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, zilisifika kwa kula oili kwa sababu matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni zake yalikuwa madogo na machache, yakaziba. Ukikuta injini hiyo ina P0420, jibu liko kwenye kijiti cha oili kabla ya mashine. Kulanti nayo hupaka masega na kuua sensa. Na silikoni ile ambayo mafundi wetu huipenda kupita kiasi, ikiwa si ya aina inayovumiliwa na sensa, mvuke wake unafika kwenye sensa ya oksijeni na kuipofusha.

Zipo injini ambazo kuchelewa kunagharimu zaidi ya masega. Nissan za QR25DE zina masega yaliyokaa karibu kabisa na silinda hedi. Yakianza kusagika, vumbi la kauri linaweza kuvutwa kurudi ndani wakati valvu zinapopishana, na kauri ni tupa. Inakwangua kuta za silinda, injini inaanza kula oili, na oili inaua masega yaliyosalia. Duara hilo likishaanza halikatiki kwa kufuta msimbo.

Kwa nini basi gereji nyingi zinaanzia mkiani? Sehemu ya jibu ni historia. Masega yaliingia kwenye magari ya Marekani kwa wingi mwaka 1975, yakalazimisha petroli isiyo na risasi, kwa kuwa risasi huyaua upesi. Huku kwetu petroli yenye risasi iliendelea. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiacha, na kufikia mwanzo wa 2006 zilikuwa zimeiacha. Fundi aliyejifunza kazi kabla ya hapo aliona masega yakija mazima kutoka ng'ambo na kuziba baada ya muda, na kuyatoa lilikuwa jambo la busara. Nadhani tabia hiyo ilirithishwa kwa wanafunzi wake hata baada ya sababu kuondoka.

Sehemu nyingine ni fedha, na hapa hakuna aliye mtakatifu. Machi 2021 wakia moja ya rodiamu ilikaribia dola 30,000. Paladiamu nayo ikapita dola 3,000 mwaka huo. Bei zimeshuka sana tangu wakati huo, lakini ile ndoto imebaki. Wanunuzi wa masega wanazunguka gereji, na fundi ambaye hulipwa kidogo kwa kutafuta ugonjwa hulipwa vizuri kwa kuuza kiungo. Hata kabla gari halijafika bandarini wengine wameshapita: ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya Oktoba 2020, iliyofuatilia magari madogo milioni 14 ya mitumba yaliyouzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani kati ya 2015 na 2018, ilieleza kwamba mengi yalisafirishwa yakiwa hayafikii viwango vya hewa, na baadhi masega yameshanyofolewa.

Je, gari huharibika likiendeshwa bila masega? Kwa kweli injini yenyewe haifi. Anayedai itaungua anatia watu hofu bure, na anayeahidi nguvu za ajabu naye anauza ndoto. Kinachopotea ni vitu viwili. Kwanza hewa ya yule anayetembea kando ya foleni ya Mandela au Mombasa Road, ambaye hakuulizwa. Pili, shahidi. Masega mazima yakianza kulalamika yanatangaza kwamba juu kuna silinda inayougua. Bomba tupu linanyamaza, na kale kaspesa kanakowekwa kwenye sensa ya pili ili kuidanganya kompyuta kananyamazisha hata kompyuta. Kumisi kudogo ambako kungegunduliwa mapema kunaendelea mpaka valvu inaungua.

Kwa anayenunua masega mengine, yawe mapya ya bei nafuu au ya mtumba kutoka gari lililokatwa, ajue ya bei nafuu yana madini machache na subira ndogo. Kabla hayajachomelewa, marekebisho ya mafuta yasomwe tena gari likiwa na moto, kumisi kuwe kumekwisha kwa siku kadhaa za barabara halisi, na oili ipimwe kwa kijiti kwa kilomita elfu moja. Vitabu vya Toyota huruhusu hadi lita moja ya oili kwa kila kilomita 1,000, kiwango ambacho kiwanda kinakiita cha kawaida. Masega hayakiiti hivyo. Gari linalokula kiasi hicho litayamaliza mapya pia, na mwenye gari ana chaguo la kukarabati ringi kwanza au kukubali kwamba atanunua tena.